Mzee Mashine na Bwana Harusi wa Kwikwi

Fundi alizungusha futi yake kifuani mwa mumewe, akaibana kwa vidole viwili penye kifungo cha pajama, akamwambia avute pumzi. Mume akavuta. Akamwambia aachie. Akaachia. Futi haikusogea hata upana wa uzi. Tangu aanze kukaa kwenye cherehani, Fundi alikuwa amepima vifua vya kila namna, vya mabwana harusi wanaojibinua na vya makarani waliokonda wanaotaka koti la mtu mnene, lakini kifua kisichojua tofauti ya kuvuta na kuachia hakuwahi kukutana nacho, ukiacha cha ile sanamu ya mbao inayovalishwa nguo dirishani mwa duka lake.

"Umevuta kweli?"

"Nimevuta."

"Umevutia puani au mawazoni?"

Mume akageuzia uso ukutani. Mtaa mzima ulimwita Mzee Mashine, kwa kuwa ujana wake wote na kipande kikubwa cha utu uzima alivimaliza katika chumba cha mashine cha jumba la sinema, akionyesha picha. Jumba lilikwisha kufungwa, sasa ni duka la vigae, lakini jina halikufungwa pamoja nalo. Nimonia ndiyo iliyomleta hapa wodini. Sindano zilifanya kazi yake na wadudu wakafa, ila makohozi yalibaki yameziba sehemu ya chini ya pafu la kulia, nayo ikasinyaa kama puto la sherehe ya juzi. Daktari mkubwa aliwaambia bila kuzungusha maneno: akija kwenye raundi yake ya Ijumaa na kukuta pafu halijafunguka, itabidi mgonjwa alazwe usingizi wa dawa, aingizwe mpira kooni hadi kifuani, makohozi yanyonywe. Na kwa moyo ule uliochoka, kumlaza wangeweza, kumwamsha hawakuahidi. Fundi alikuwa amesimama alipoambiwa hayo. Alipomaliza kuambiwa alikuwa amekaa, na hakumbuki nani alimpa kiti.

Kazi ya kulifungua pafu alipewa msichana wa mazoezi ya viungo, ambaye wagonjwa walimbandika jina la Binti Pumua kwa sababu salamu yake asubuhi ilikuwa "pumua" na kwaheri yake ilikuwa "endelea kupumua". Alimletea Mzee Mashine chupa ya maji yenye mrija, akamtaka apulize mapovu. Mzee akamjibu kwa upole kwamba yeye amezika wazazi, ameoza binti, na amepiga kura. Mapovu aliyaacha alipoota meno ya pili. Akaambiwa basi atembee koridoni. Akapata kizunguzungu. Akaambiwa akohoe. Akakohoa kistaarabu, kama mtu anayebisha hodi kwa tajiri. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji; huyu alikuwa akiletewa uji anauliza umepikwa na nani.

"Mama," Binti Pumua akamwambia Fundi pembeni, karibu na beseni la kunawia, "kama haya yote hataki, basi mchekesheni."

Fundi akadhani anataniwa. Lakini msichana alikuwa amekaza uso, akaanza kueleza kwa mikono. Mtu akicheka sawasawa, alisema, anamwaga hewa yote, hata ile iliyolala chini kabisa. Ikiisha, mwili wenyewe unavuta nyingine kwa pupa, bila kubembelezwa, na makohozi yanang'oka. Hakusema kwamba kicheko ni dawa. Dawa ni zile sindano. Kicheko ni mazoezi tu, ila ni mazoezi ambayo mgonjwa hakuombi umpunguzie.

Fundi alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayekuelekeza ukakope kwa bahili. "Mwanangu," akasema, "ungeniambia nimfundishe kuruka angani, ningekuja na mbawa kesho."

Maana Mzee Mashine alikuwa hacheki. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mpole kama maji ya mtungini, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Ila kicheko kilikuwa hakimtoki. Siku ya harusi yao meza ilivunjika na mshereheshaji akazama nayo, kipaza sauti mkononi, akaendelea kuwakaribisha wageni kutoka chini ya kitambaa. Watu waligaagaa. Bwana harusi aliinama akauliza kama meza ile ilikuwa ya kuazima.

Na riziki yake, tazama maajabu, aliipata kwa vicheko. Mwenye jumba alikuwa mtu wa mkono wa birika, picha mpya aliziona ghali, kwa hiyo alikodi zile kuukuu kabisa, za vichekesho, za enzi sinema ilipokuwa ndiyo kwanza imejifunza kusema. Zilikuwa nyeusi na nyeupe, na zilikuwa na ushamba wote wa mtoto aliyejua kuongea juzi: zilisema hata pasipotakiwa. Vinasa sauti vya siku zile vilifichwa ndani ya vyombo vya maua, hivyo kila mwigizaji mwenye neno la siri alikwenda kulimwaga mezani mbele ya waridi. Mlango ukifungwa, ni bomu. Kijiko kikianguka, ni kengele ya moto. Lugha yao wengi ukumbini hawakuijua, na hakuna aliyeona hasara. Fundi, wakati huo msichana anayejifunza kushona, alikuwa akikaa viti vya bei ya chini kabisa, nyuma, chini ya kidirisha cha chumba cha mashine, na alicheka kuliko ukumbi mzima. Ndivyo walivyojuana. Siku moja kijana wa mashine alishuka ngazi baada ya onyesho, mikono imejaa mafuta, akauliza nani huyo anayecheka hivyo. Miaka yote hii Fundi aliamini kwamba kicheko chake kilimteka.

Kwa hiyo alipofika nyumbani alimpigia simu binti yao, ambaye alikuwa mwandishi mahususi wa ofisi fulani na alijua kutafuta vitu kwenye mtandao mpaka vikajitokeza vyenyewe kwa aibu. Akamweleza: ile picha ya bwana harusi mwenye kwikwi, aliyokuwa akiicheka siku kijana wa mashine aliposhuka. Binti akauliza jina lake. Fundi hakulijua, hata wakati ule ukumbini walikuwa wakiiita Kwikwi tu. Hadi Jumatano mchana binti alikuwa ameipata, nzima, sauti na mikwaruzo yake yote, na saa ya kuona wagonjwa ilipofika aliingia wodini na kompyuta yake ya kazini, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, mbele ya baba yake.

Picha yenyewe haina mambo mengi. Bwana harusi anapatwa na kwikwi asubuhi ya ndoa. Wanamficha chumba cha juu, wageni wako ukumbi wa chini na kofia zao ndefu, na kila anayepanda kumtibu anashuka na kwikwi yake mwenyewe. Kitanda cha jirani kilikuwa na mwokaji mikate, mtu mnene aliyelazwa kwa pumu ya unga. Alinyoosha shingo. Bibi harusi alipoulizwa kama anakubali, akafungua kinywa kusema ndiyo na kwikwi ikatoka badala yake, mwokaji alipiga yowe. Mpiga tarumbeta alipoambukizwa, mwokaji alishika vyuma vya kitanda. Wodi ya vifua ni mahali pabaya pa kuvunja mbavu, lakini alivunja zote. Akacheka, akakohoa, akatema, akacheka tena, na muuguzi mkuu aliyekuja kumnyamazisha alibaki amesimama nyuma ya kompyuta mpaka mwisho, eti anakagua waya.

Mzee Mashine alitazama yote kwa uso wa mtu anayesubiri basi. Mwisho akasema mwanga ni hafifu.

Alhamisi asubuhi daktari mdogo alimsikiliza mwokaji kifua, akashangaa, akamruhusu kwenda nyumbani. Mwokaji aliondoka akiwapungia wote mkono na kumshukuru Fundi kwa dawa. Fundi alijibu kwa adabu, lakini moyoni alikuwa kama mama aliyechemsha mitishamba ya mwanawe, ikanywewa na jirani. Akatoa futi, akapima. Uzi uleule. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Mchana wa Alhamisi hiyo binti aliiweka picha tena, kwa kukosa lingine la kufanya. Safari hii Fundi hakuitazama. Alifanya kama anavyofanya mteja akivaa nguo mpya mbele ya kioo: hatazami nguo, anamtazama mteja, kwa sababu ulimi utasema imenikaa vizuri lakini bega litasema inabana. Akayaona macho ya mumewe. Hayakuwa kwa bwana harusi. Hayakuwa kwa bibi harusi wala kwa mpiga tarumbeta. Yalikuwa yameganda kona ya juu, upande wa kulia, hayapepesi, na mguu wake wa kulia ulikuwa umejikaza chini ya shuka kama mguu wa dereva.

"Unatazama nini?" akamuuliza.

"Picha."

"Unatazama kona."

Mzee Mashine akaona haya, kama mtu aliyekutwa akila kabla ya wageni. Akaeleza polepole, kwa pumzi zake fupi. Picha haikuja nzima, ilikuja vipande vipande kwenye rili, yale magurudumu ya kuzungushia filamu, na mashine zilikuwa mbili. Rili ikikaribia kuisha, nukta ndogo nyeusi inatokea kona ya juu kulia, inakaa kufumba na kufumbua, inatoweka. Hapo unawasha mashine ya pili. Inakuja nukta nyingine. Hapo unakanyaga pedali, na picha inahama kutoka mashine hii kwenda ile bila mtu ukumbini kujua. Ukipitwa na nukta, kitambaa kinabaki cheupe, watu wanapiga miluzi, mwenye jumba anapanda ngazi. Yeye hakuwahi kupitwa. Hata moja. Na hizi nakala za kwenye kompyuta, alisema kwa kuridhika, nukta wameziacha.

"Sasa ukiangalia kona, picha unaitazama lini?" binti akauliza.

"Kona ni sehemu ya picha."

"Baba, hii picha inahusu nini?"

Mzee Mashine akashangaa kuulizwa jambo lililo wazi. "Tetemeko la ardhi," akasema.

Binti alikuwa anamimina chai. Kikombe kikajaa, kikamwagika, hakuna aliyekishughulikia.

Naye mzee akawasimulia picha aliyoiona yeye. Kuna taa kubwa ya vioo inaning'inia darini, imetulia. Mara inatikisika. Inatulia, inatikisika tena, zaidi. Chokaa inaanza kudondoka. Kofia ndefu zinapita mbio kwenda kushoto, halafu zinarudi mbio kwenda kulia, kwa sababu milango imejaa. Pazia linaanguka. Sauti? Sauti gani, spika ya chumba cha mashine ilikufa kabla hajaajiriwa, na mashine zenyewe zilinguruma kama kinu cha kusaga. Alichosikia kutoka chini ni kitu kimoja tu, watu wakicheka. Jambo hilo lilimsumbua sana. Taa inataka kuwaangukia binadamu wenzao, watu wanakimbia kuokoa roho zao, na ukumbi mzima unacheka. Akajisemea kwamba ulimwengu hauna utu, akaendelea kuchunga nukta.

"Na mimi?" Fundi akauliza. "Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote."

"Ndiyo maana nilishuka siku ile. Nilitaka nimwone mtu mwenye roho ngumu kiasi hicho."

"Halafu ukanioa."

"Nilidhani nitakurekebisha."

Fundi alicheka mpaka akaegemea kitanda cha mwokaji kilichokuwa kitupu. Kisha akafuta macho, na alipomaliza kuyafuta alikuwa amekwisha kuacha mzaha, kwa sababu sasa alijua shati linabana wapi.

Alianza na njia ya ushonaji. Alitoa kipande cha kitambaa mkobani, akakibandika kwa plasta ya hospitali juu ya ile kona, isionekane. Ikawa balaa. Mzee alikikodolea macho kitambaa kuliko alivyoikodolea kona. Nukta itampita nyuma ya pazia bila yeye kujua, alilalamika, na jasho likamtoka. Binti Pumua alipita, akamshika mkono, akahesabu mapigo, akaamuru kitambaa kitolewe haraka kabla hawajatafutiana kesi nyingine. Huwezi kumfukuza mlinzi lindoni kwa kumfumba macho. Fundi aliliona kosa lake mara moja: mlinzi anaondoka akija wa zamu.

Akavuta kiti mpaka kikagusa meza. "Kona nipe mimi," akasema.

"Hujui kazi."

"Nifundishe."

Akamfundisha. Alimkabidhi kona ile kama mtu anayekabidhi nyumba anaposafiri, akitaja mpaka milango inayokwaruza. Usipepese sana. Usifuate kofia, kofia zinadanganya. Nukta ya kwanza, inua mkono. Nukta ya pili, shusha. Fundi aliitikia kila neno, akayakaza macho kwenye kona kama anapotunga uzi kwenye sindano, na binti akairudisha picha mwanzo.

Kwa muda mzee alichunga mchungaji. Akamtazama mkewe, akatazama kona, akamtazama mkewe. Mke hakutikisika. Ndipo macho yake yakaanza kushuka, kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba aliyoilinda miaka yote nje bila kuingia sebuleni.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Bwana harusi," binti akamjibu.

"Analia nini?"

"Halii, baba. Ana kwikwi."

Fundi hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa na taa yake. Akaiona imetulia, akasikia kwikwi ya kwanza, akaiona inatikisika. Na kwa kweli ukiitazama peke yake, ilikuwa inatisha. Chokaa ikadondoka. Kofia zikapita.

"Ngoja," akasikia sauti ya mumewe. "Ni yeye?"

"Yeye nini?"

"Anaruka kule juu akipatwa na kwikwi. Akitua... ile taa." Kwikwi nyingine ikalia, kishindo, taa ikayumba. "Ni yeye anaitikisa. Hakuna tetemeko. Ni mtu mmoja tu na kwikwi zake."

Kikaanza kitu ambacho Fundi hakukitambua. Kwanza kilikuwa kama bawaba ya lango lililokaa muda mrefu bila kufunguliwa, ikilia kidogo, ikikwama. Kisha pumzi ndefu iliyotoka, ikatoka, ikatoka, hata akaogopa kwamba hairudi. Kisha ikarudi kwa kishindo, nyingi, ya pupa, na ndani yake kulikuwa na sauti nene, ya kijana karibu, sauti ya mtu anayecheka. Mumewe anacheka. Siku zote za ndoa yao alikuwa ameingojea sauti hiyo, na sasa imekuja hapo karibu na sikio lake naye hawezi kugeuka aione, kwa sababu akiiacha kona tu, macho ya mumewe yatakimbilia lindoni. Akabaki ameikodolea taa. Taa ikawa na maji, vioo vyake vikachanganyika, lakini hakupepesa. Nukta ikatokea. Akainua mkono. Ikatokea ya pili. Akaushusha.

"Safi," mzee akasema katikati ya kicheko, bila hata kutazama juu.

Kilichofuata ni kikohozi, si kile cha kubisha hodi, bali cha mtu anayevunja mlango. Binti Pumua alikuja mbio na bakuli, na yaliyoingia bakulini tuyaachie bakuli. Mzee alipumzika, akapangusa midomo, akasema irudishwe nyuma kidogo, pale mama mkwe anapozimia juu ya ngoma. Ikarudishwa. Kabla ya muda wa wageni kuisha alikuwa amekwisha kuomba na chupa ya mapovu, kwa hiari yake, akidai eti inamkumbusha mpiga tarumbeta.

Ijumaa daktari mkubwa alikuja na msafara wake wa wanafunzi waliovaa makoti meupe, na nyuma yao muuguzi akisukuma kitoroli chenye sinia lililofunikwa kitambaa cha kijani. Fundi alijua kilicho chini ya kitambaa. Alisimama upande wa kichwa cha kitanda, mikono ameifunga nyuma. Daktari alimkalisha mzee, akaweka kile kidude cha kusikilizia mgongoni, chini kulia, akamwambia avute. Akasikiliza. Akamwambia tena. Uso wa daktari haukusema kitu. Nyuso hizo huwafundisha wapi, Mungu anajua.

"Kuna kitu hapa," akasema hatimaye. "Hewa inafika, ila kidogo. Mzee, jana umefanya nini?"

"Nimecheka, daktari," Mzee Mashine akajibu kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

"Umecheka nini?"

Basi akaanza kumwambia. Alisimulia vibaya, kwa sababu hakuwa na mazoezi. Alianza na mpiga tarumbeta kabla ya kumtaja bwana harusi, akarudi nyuma, akamsahau bibi harusi, akaomba radhi. Mwanafunzi mmoja akatazama saa. Mzee akafika kwenye taa. Akataka kueleza jinsi taa inavyoyumba, akainua mkono kuonyesha, na kicheko kikamkamata kabla hajafika penyewe, kile kinene cha jana, mabega yakamruka.

Wanafunzi walianza kunong'onezana. Daktari aliinua kidole kuwanyamazisha. Alikuwa bado ameinama, kidude kimegandamizwa mgongoni pale chini, macho ameyafumba, anakisikiliza kicheko kutokea upande wa ndani.

"Endelea, mzee," akasema. "Taa imeyumba. Halafu?"

"Halafu..." na akacheka tena, akashindwa.

Daktari akahamisha kidude kidogo, akasikiliza, akahamisha tena. "Mpira hatuweki," akamwambia Fundi, kwa sauti ya chini ili asimkatize mgonjwa. "Atabaki na sisi siku chache, apulize, atembee. Lakini hapa panafunguka, ninapasikia." Kisha akamgeukia mzee. "Halafu ikawaje?"

Fundi alitafuta kiti. Muuguzi aligeuza kitoroli chake, akasukuma sinia la kijani mpaka mlangoni, na hapo mlangoni akasimama, kwa sababu mzee alikuwa amepata pumzi na sasa anasema bwana harusi yuko chumba cha juu, amepewa maji ayanywe kichwa chini miguu juu, na ngazi zinalia, mama mkwe anapanda.